Kabla ya Kuandikisha, Tembea Njia: Mwongozo kwa Mzazi wa Dodoma

Ukitafuta shule ya msingi ya serikali kwa ajili ya mwanao hapa Jiji la Dodoma, usianze na matokeo ya mtihani. Anza nje ya mlango wako, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, ukiwa na saa mkononi. Tembea hadi shule unayoifikiria kwa mwendo wa mtoto wa miaka sita, ambao ni wa polepole kuliko unavyodhani, ukisimama kila mahali ambapo yeye angesimama. Hesabu barabara kubwa unazovuka. Tazama korongo liko wapi na kama lina kivuko. Ukifika getini, angalia saa. Dakika hizo ni za kwenda tu. Kuna na za kurudi, kwa siku 194 za masomo kila mwaka, kwa miaka sita.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mimi mwenyewe nililipuuza. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka shule moja yenye jina, katikati ya mji, nikaipita shule ambayo kengele yake naisikia nikiwa uani kwangu. Asubuhi tulipanda daladala pamoja, mchana alirudi na mtoto mkubwa wa jirani. Kufikia Machi alikuwa analala juu ya daftari. Mwalimu wake, aliyekuwa na watoto wengi kuliko madawati, aliniita pembeni akaniambia, "Baba Neema, mtoto wako si mzito wa kuelewa. Amechoka." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza mambo ambayo nilipaswa kuyauliza Oktoba iliyotangulia.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza huanza Oktoba, na masomo huanza Januari. Kwa watu wa pwani tofauti hiyo haina uzito. Kwetu huku ina maana kubwa. Oktoba korongo ni mchanga mkavu, watoto wanachezea mpira ndani yake, na njia yoyote inaonekana inapitika. Januari mvua zimeshakolea, na korongo lilelile linaweza kujaa ndani ya nusu saa kutokana na mvua iliyonyesha kilimani, wakati kwenu jua linawaka. Kwa hiyo unapotembea njia hiyo Oktoba, tafuta alama za maji ukutani na kwenye mizizi ya miti, na waulize wenyeji. Mzee wa Kigogo aliyezaliwa mtaa huo atakuonyesha kwa kidole maji yanapofika. Msikilize.

Mji huu ulichorwa ili jambo hili lisimsumbue mzazi. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ilianzishwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017, na mpango kabambe wa mwaka 1976 ulichora mji wa jumuiya ndogondogo, kila moja na huduma zake karibu, mtu aende kwa miguu. Fikra hiyo ilikuwa na ukoo mrefu. Mwaka 1929, huko New York, Clarence Perry alipendekeza mitaa inayozunguka shule ya msingi, barabara kubwa zikipita pembeni ili mtoto asilazimike kuzivuka. Ukitembea leo katika mitaa ya zamani iliyopimwa, utaona mabaki ya wazo hilo: shule iko ndani ya makazi, na njia za miguu zinaielekea.

Kisha watu wakaja kwa kasi ambayo ujenzi haukuiweza. Baada ya Rais Magufuli kutangaza Julai 2016 kwamba Serikali itahamia Dodoma kweli, Waziri Mkuu alitangulia mwaka huohuo, na wizara zikafuata. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 765,179 katika Jiji. Viwanja vikapimwa na kujengwa Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Iyumbu, Mkonze, Nala, na kuelekea Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Nyumba hujengwa na mwenye nyumba kwa mwaka mmoja au miwili. Shule inangoja bajeti, fundi, maji na walimu. Hapo katikati watoto wanakua.

Ndiyo sababu picha ya uandikishaji hapa Dodoma haifanani mtaa kwa mtaa. Shule za katikati, zilizokuwepo kabla, hupokea watoto wa mtaa wao pamoja na watoto wanaoshushwa na wazazi wanaokwenda kazini. Shule za pembezoni zinazokua haraka hujikuta na mikondo mitatu ya darasa la kwanza na mkondo mmoja wa darasa la saba, kwa sababu wakazi wengi ni familia changa. Na zipo shule mpya zenye nafasi ambazo wazazi hawajaziamini bado, kwa kuwa hazina hata kundi moja lililofanya mtihani wa taifa. Hizo za mwisho ndizo ninazokuomba uzitazame kwa makini kabla ya kuzikataa. Darasa lenye watoto 50 na mwalimu anayewajua kwa majina linaweza kumfaa mwanao kuliko jina kubwa lenye watoto 130 chumba kimoja.

Uhuru wa kuchagua uko wapi?

Uingereza mzazi hujaza fomu akiorodhesha shule anazozipenda, na halmashauri hugawa nafasi kwa vigezo vilivyoandikwa, umbali wa nyumba ukiwa mojawapo. Kwetu hakuna fomu ya namna hiyo. Mtoto anatarajiwa kuandikishwa shule iliyo karibu na anakoishi, na mwalimu mkuu wa shule iliyojaa ana haki ya kukuelekeza kwingine. Lakini kwa vitendo wazazi wanachagua. Wanachagua wanapopanga nyumba, wanaponunua kiwanja, wanapomwacha mtoto kwa shangazi yake aliye Makole au Chang'ombe ili asome huko. Uamuzi mkubwa wa shule, kwa familia nyingi za Dodoma, ulishafanyika siku walipolipia kiwanja, bila mtu yeyote kutamka neno shule.

Basi kama bado hujapanga wala kununua, fanya hivi: kabla ya kuuliza maji na umeme, uliza shule ya serikali iko wapi, na kama ipo ng'ambo ya barabara kuu. Barabara ya Dar es Salaam, ya Singida, ya Arusha na ya Iringa zote zinapita ndani ya jiji hili, na malori hayamsubiri mtoto. Eneo lililotengwa kwa shule kwenye ramani ya mipango miji si shule. Nenda ukaone kama kuna msingi, kuta au ni vichaka tu, kisha muulize Mtendaji wa Mtaa ni lini. Akikujibu "tunasubiri", hesabu kwamba mwanao atasoma kwingine.

Siku ya kwenda shuleni

Mtoto wa awali anatakiwa awe na miaka mitano, wa darasa la kwanza miaka sita. Usimpeleke wa minne ukijidai ametimiza mitano kwa kuwa anajua kuhesabu. Mwalimu atamwona, na mwili wake hautavumilia siku ndefu.

Beba cheti cha kuzaliwa na nakala yake. Kama hakipo, beba kadi ya kliniki na uandikishe hivyohivyo, huku ukianza kufuatilia cheti. Msajili wa RITA anapatikana kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na watoto wa chini ya miaka mitano wana utaratibu wao kupitia kata na vituo vya afya. Usikubali mtoto abaki nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya karatasi.

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hulifanya kwa haraka: majina. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Majina hayo yataingia kwenye PReM, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi, mtoto atapewa namba, na namba hiyo itamfuata kwenye upimaji wa darasa la nne, mtihani wa kumaliza msingi na kila uhamisho. Leo ukimwandikisha kwa jina la utani la bibi yake, au kwa jina la babu badala ya baba kwa sababu siku hiyo mligombana, utakuja kulihangaikia baada ya miaka kumi mbele ya maofisa wasiokujua. Nimeona familia ikitumia akiba ya mavuno yote kurekebisha herufi mbili.

Ukiwa hapo ofisini, usiondoke mara tu jina likishaandikwa. Mwombe mwalimu mkuu kwa heshima akuruhusu kuona darasa la kwanza na la pili. Wengi hukubali. Vigezo vya Serikali ni mwalimu mmoja na chumba kimoja kwa watoto 45 wa shule ya msingi, na 25 kwa awali. Tundu moja la choo ni kwa wasichana 20 au wavulana 25. Hutavikuta vyote, na usimlaumu mwalimu kwa hilo, lakini kujua kigezo kunakusaidia kupima upungufu. Hesabu vichwa. Uliza watoto wangapi wanakaa dawati moja. Nenda chooni, ndiyo, wewe mwenyewe, na uone kama kuna maji ya kunawa na kama mlango wa choo cha wasichana unafungika. Dodoma ni nchi kame, na shule isiyo na tenki wala kisima itamtuma mwanao na kidumu kila asubuhi.

Kisha uliza ni nani anafundisha darasa la kwanza. Hapa ndipo mimi hutazama kuliko pote. Shule nyingi huwapeleka walimu wao hodari darasa la saba, kwa sababu darasa hilo ndilo linalopimwa na wakubwa, na wadogo wanapewa yeyote aliyebaki. Mwalimu mkuu anayekwambia bila kusita jina la mwalimu wake wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), miaka aliyofundisha madarasa ya chini, na jinsi anavyowagawa watoto wanapozidi, huyo anaijua shule yake. Omba kuona daftari la mtoto yeyote wa darasa la pili, si lile bora linalotolewa kabatini. Kama Oktoba mtoto wa darasa la pili anaandika sentensi tatu za Kiswahili zinazosomeka, na mwalimu amezisahihisha, shule hiyo inafanya kazi, hata kama sakafu ina mashimo.

Kuhusu Kiingereza, najua ndicho kinachowapeleka wazazi wengi shule za mchepuo wa Kiingereza, wengine kwa mkopo. Hofu yao ina msingi, maana sekondari masomo ni kwa Kiingereza. Hata hivyo, mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unafundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mtoto anayesoma vizuri Kiswahili ana ngazi ya kupandia. Asiyesoma lugha yoyote hana. Uliza nani anafundisha somo hilo na msikilize akizungumza.

Matokeo yasome, lakini hivi

Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) lilitangaza kuacha kupanga shule kumi bora. Nililipokea kwa furaha, maana orodha ile ilitupotosha wengi. Matokeo ya kila shule bado yanapatikana kwenye tovuti ya NECTA. Yafungue, lakini tazama kwanza idadi ya watahiniwa, kisha madaraja. Shule iliyofaulisha 38 kati ya 40 na shule iliyofaulisha 150 kati ya 200 hazikufanya kazi moja. Tazama miaka mitatu, si mmoja. Na kama unaweza, muulize mwalimu wa taaluma kundi hilo lilikuwa na watoto wangapi darasa la nne. Darasa la nne ndipo wanaoshindwa upimaji hurudia. Ukiona idadi imepungua sana kufikia darasa la saba, uliza walikwenda wapi: walihama, walirudia, au waliacha.

Fedha

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi ya umma haina ada wala michango ya lazima. Serikali hupeleka ruzuku: kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo hufika shuleni, nyingine 4,000 zikiwa za vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja. Piga hesabu. Shule yenye watoto 1,000 inapata shilingi 500,000 kwa mwezi kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani, michezo, ukarabati na uendeshaji. Ukijua hivyo hutashangaa kikao cha wazazi kikizungumzia mlinzi, maji au uji.

Sare, madaftari na chakula ni jukumu la mzazi. Michango mingine ni ya hiari, hupitia kikao cha wazazi na kibali cha mamlaka, na mtoto hafukuzwi shule kwa kukosa mchango. Ukikutana na kinyume cha hilo, nenda kwa Afisa Elimu Kata ukiwa mtulivu, na tarehe na kiasi ulichoombwa kikiwa kimeandikwa. Lakini mchango wa chakula nakusihi uutoe, kama unaweza. Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo vihenge vingi vya nyanda hizi vinakuwa vimepungua, na ndiyo miezi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anajifunza herufi zake za mwanzo. Mahali ambapo wazazi wameleta mahindi na mtu wa kupika, watoto wanakaa darasani hadi mwisho. Pasipo na uji, wanaanza kutoroka saa nne.

Ukihitaji kuhama

Watumishi huhamishwa, wapangaji hufukuzwa, kazi hubadilika. Uhamisho huanza kwa barua kwa mwalimu mkuu wa shule anakosoma mtoto, na shule anakokwenda lazima ikubali kuwa ina nafasi. Hakikisha namba yake ya PReM imehamishwa kwenye mfumo, wala usitosheke na barua iliyogongwa mhuri. Mtoto anayesoma Nzuguni huku mfumo ukimwona bado yuko Kikuyu atagundulika wakati wa kusajili mtihani, na wakati huo muda huwa mfupi. Hamisha mwanzo wa muhula. Na usihamishe mtoto wa darasa la nne au la mwisho ila kwa sababu ya usalama wake.

Kumbuka pia kwamba shule ya msingi ndiyo mara nyingi inayoamua sekondari ya kutwa. Wanaofanya vizuri sana huweza kupangwa shule za vipaji maalumu, kama Msalato ya wasichana iliyo hapahapa Dodoma, au za ufundi na bweni kwingine. Waliobaki, ambao ndio wengi, kwa kawaida hupangwa sekondari za kutwa zinazopokea kutoka shule yao ya msingi. Mtoto anayeishi Nala akimalizia msingi mjini anaweza kupangiwa sekondari ya mjini, na safari ile ya daladala inaongezeka miaka minne.

Kama mwanao alikuwa darasa la tatu au la nne mwaka 2024, weka alama kwenye kalenda. Kwa mpango wa sera mpya ya elimu, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza mtaala mpya darasa la tatu wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, sambamba na wa darasa la saba, na makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Tumeshaona mawimbi ya namna hii. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2016 chini ya sera ya elimu bila malipo walifika kidato cha kwanza Januari 2023, na Serikali ililazimika kutoa shilingi bilioni 160 za vyumba 8,000 kwa ajili yao. Wimbi la 2028 linajulikana tarehe yake. Nenda kwenye vikao vya kata sasa, uulize sekondari yenu inaongezewa vyumba vingapi na walimu wangapi wa hesabu.

Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu asisubiri Oktoba. Onana mapema na Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu ofisi ya Jiji, akueleze shule zenye kitengo na walimu waliosomea kazi hiyo. Kwa asiyeona, Buigiri wilayani Chamwino ina shule yenye historia ndefu. Kwa wengine jibu litakuwa shule ya jirani pamoja na msaada unaopaswa kuudai.

Mimi nilimrudisha mwanangu shule ya kengele ile, darasa la pili, na mdogo wake akaanzia hapo. Ilikuwa na upungufu niliouona wazi, na baadhi yake tumeushughulikia pamoja kwenye kamati ya shule: tenki la maji, mlango wa choo, kivuko cha mbao korongoni. Mzazi anayemshusha mtoto kilomita kumi na mbili mbali hafiki kikao cha saa tisa alasiri.

Ukishaandikisha, bado una kazi moja kabla ya Januari. Tafuta watoto watatu wa mtaa wako wanaosoma shule hiyohiyo, mmoja wao akiwa darasa la nne au zaidi. Nenda kwa wazazi wao, jitambulishe, mkubaliane wakutane chini ya mti gani na saa ngapi. Wiki ya mwisho ya Desemba watembeze wote njia nzima, mara mbili, na uwaonyeshe mahali pa kusimama maji yakishuka.